Quad ESL: tathmini ya spika za umemetuli za zamani katika sebule ya Arusha

Spika aina ya Quad ESL zilianza kuuzwa nchini Uingereza mwaka 1957, zikaendelea kutengenezwa hadi mwaka 1985, na hadi leo, kwa sauti ya mwanadamu na kwa ala zisizotumia umeme, sijasikia spika ya sebuleni inayozishinda. Natoa hukumu hiyo mapema kwa sababu sehemu kubwa ya tathmini hii itahusu kasoro zake, matengenezo yake na masharti ambayo mji wetu unamwekea mtu anayezimiliki, na nisingependa msomaji adhani kwamba masharti hayo yamepunguza mapenzi yangu kwake. Anayefikiria kununua jozi ya zamani na kuiboresha anahitaji kujua ni wapi fedha zake zitaleta tofauti inayosikika na ni wapi zitapotea bure. Kwa maoni yangu, karibu kila shilingi inapaswa kwenda katika kuzirudishia spika hizi afya yake ya mwanzo. Kuzilazimisha zifanye kazi ambayo hazikubuniwa kuifanya ni kuziharibu.

Aliyezibuni ni Peter Walker, ambaye kampuni yake, Acoustical Manufacturing Company, ilianzishwa mwaka 1936 na baadaye bidhaa zake zikajulikana kwa jina la Quad kutoka mji wa Huntingdon. Katika utafiti wa mwanzo alishirikiana na D.T.N. Williamson, mhandisi ambaye mchoro wake wa amplifaya ya valvu, yaani ya zile taa za kioo zilizotangulia transista, uliochapishwa mwaka 1947, uliigwa na mafundi wengi wa zama zile. Spika ya kawaida, hata ile iliyomo ndani ya sabufa tunayoijua sote, ina koni inayosukumwa na koili iliyozungukwa na sumaku. Nguvu inaingilia pale katikati peke yake, na koni, kwa kuwa ina uzito na inajipinda, huchelewa kuanza na huchelewa kutulia. Katika ESL hakuna koni, hakuna sumaku na hakuna sanduku. Kuna utando wa plastiki, mwembamba mara kadhaa kuliko unywele wa mtu, uliokazwa kama ngozi ya ngoma kati ya mabamba mawili ya plastiki yenye matundu, ambayo yamepakwa rangi inayopitisha umeme. Utando hupewa chaji ya volti nyingi sana. Mabamba hupokea muziki kutoka kwenye amplifaya baada ya transfoma kuupandisha volti, na bamba moja linapouvuta utando, jingine linausukuma. Nguvu huushika utando mahali pote kwa wakati mmoja, na utando wenyewe ni mwepesi kiasi kwamba hewa iliyo mbele na nyuma yake ina uzito kuupita.

Kila spika ina paneli mbili za besi pembeni, zenye chaji ya takriban volti 6,000, na paneli moja ya katikati, yenye takriban volti 1,500, inayobeba sauti za kati na zile nyembamba. Utando hupakwa dawa yenye ukinzani mkubwa mno ili chaji ikishatua isipate njia ya kukimbia huku na huku wakati utando unacheza. Chaji ikitulia, nguvu inayousukuma utando inalingana na muziki barabara, na upotoshaji wa sauti unakuwa mdogo kuliko ule wa spika nyingi za koni hata za siku hizi. Kijana fundi wa Ngarenaro niliyemwomba anisaidie aliliona hilo haraka kuliko nilivyotarajia. Alimulika tochi nyuma ya spika, akafuatisha waya mmoja mmoja kwa ncha ya kidole, kisha akanyanyuka na kusema, "Mzee, mimi hapa sioni spika. Hii ni kapasita kubwa tu," yaani kile kifaa kinachohifadhi chaji kati ya mabamba mawili. Nilimjibu, "Umesema kweli, mwanangu, na ukishalielewa hilo umemaliza nusu ya kazi." Kwa hakika matatizo yote ya kuzimiliki spika hizi, kuanzia uchaguzi wa amplifaya hadi vumbi, yanatokana na ukweli huo kwamba ni kapasita inayoimba.

Jozi yangu niliinunua kwa familia iliyokuwa ikifunga nyumba yake upande wa Usa River, ambako vyombo vya aina hii bado hujitokeza mara moja moja katika nyumba za zamani za mashamba ya kahawa. Umbo lake huwashangaza wageni: ni fremu pana ya takriban sentimita 88, yenye kimo kisichofika sentimita 80, iliyofunikwa wavu wa chuma wa rangi ya shaba, na inayosimama juu ya vijiguu vitatu vya mbao. Wengi hudhani ni kifaa cha kupasha joto chumba. Kwa upande wa umeme tuna bahati ambayo mnunuzi wa Marekani hana, kwa kuwa Tanzania inatumia volti 230 na hezi 50 kama Uingereza, hivyo spika iliyotengenezwa kwa soko la kwao huchomekwa hapa bila transfoma ya kubadilishia. Ndiyo, spika hizi huchomekwa ukutani. Bila umeme wa kuchaji utando hazitoi kitu. Waya wa zamani wenye gamba la mpira lililopasuka unapaswa kubadilishwa kabla ya jambo lolote, na nyumba iwe na waya wa arthi unaofanya kazi kweli, si ule uliokatiwa ndani ya soketi kama ilivyo katika majengo mengi.

Sasa nije kwenye sauti, kwa maana bila hiyo hakuna sababu ya kuvumilia mengine yote. Jambo la kwanza ambalo msikilizaji hulitambua ni kutokuwepo kwa sanduku. Spika za mbao, hata zilizo nzuri, huongeza kifua juu ya sauti ya mwanamume na huacha mwangwi mfupi baada ya kila noti ya besi. Sikio limeuzoea mwangwi huo kiasi kwamba hatuutambui mpaka siku unapoondolewa. Katika ESL, mwimbaji wa taarabu akivuta pumzi kabla ya kuanza beti, pumzi hiyo ina mahali pake na urefu wake. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, ambayo katika spika nyingi hugeuka kuwa mvua ya vyuma, hapa husikika kama nyuzi zinazodonolewa moja moja, kila moja ikiwa na mwanzo wake mkali na mwisho wake unaofifia taratibu, hata pale mpigaji anapokimbia. Zeze la Wagogo, lenye ule mkwaruzo wa upinde, limenifurahisha kupita ala zote, kwa sababu mkwaruzo huo ndio uhai wa ala yenyewe na spika za kawaida huulainisha.

Rekodi za zamani za muziki wa dansi zilizofanywa na Redio Tanzania Dar es Salaam zinastahili maneno ya ziada. Nyingi kati ya zile ninazomiliki ni za mono, na mtu angedhani kwamba spika yenye uwezo mkubwa wa kufichua kasoro ingezifanya zisisikilizike. Imekuwa kinyume. Gitaa la solo na gitaa la rithimu, ambayo katika redio ya mezani hushikana na kuwa kitu kimoja, hutengana kwa namna ambayo sasa naweza kufuata lile la rithimu peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho wa wimbo, na nikasikia pia jinsi wapiga tarumbeta walivyosogea mbele ya maikrofoni zamu yao ilipofika. Mkwaruzo wa tepu upo, lakini unabaki nyuma ya muziki, hauupandi mgongoni. Kwaya za Kilutheri za huku kwetu, zenye sauti nne zilizopangika, nazo hupata faida hiyo hiyo: alto, ambayo aghalabu humezwa, inasikika ikifanya kazi yake. Kampuni ya Quad ilikuwa na kaulimbiu iliyojigamba kwamba hakuna kinachoikaribia sauti ya asili kuliko vyombo vyake, na katika eneo hili la sauti za kati sioni sababu ya kubishana nayo.

Hata hivyo, jozi niliyoipata haikuimba hivyo siku ya kwanza. Spika ya kushoto ilikuwa na sauti ndogo kuliko ya kulia na ilihitaji muda mrefu baada ya kuwashwa ndipo ifikie nguvu yake, na zote mbili zilitoa mlio mdogo wa kukwaruza ambao haukuhusiana na muziki. Hizo ni dalili za kawaida za uzee, na mnunuzi anapaswa kuzitarajia. Chanzo cha kwanza ni kile kisanduku kinachozalisha volti za juu: ni mlolongo wa dayodi na kapasita uliomiminiwa nta, na baada ya miongo kadhaa dayodi huchoka, kapasita huvuja, na paneli hazipati tena chaji kamili. Sauti hupungua taratibu, pasipo ishara ya ghafla, hivyo mwenye nyumba huweza kuishi na spika zilizonyong'onyea kwa miaka bila kujua. Tuliuondoa mlolongo wa zamani na kuujenga upya kwa dayodi za silikoni na kapasita mpya zenye uwezo wa kuhimili volti hizo, na haya ndiyo maboresho ya gharama ndogo na manufaa makubwa kuliko yote nitakayoyataja.

Lazima niseme neno kuhusu usalama, na nalisema kwa uzito wote. Ndani ya spika hizi kuna maelfu ya volti ambayo hubaki hata baada ya plagi kuchomolewa, na upande wa transfoma ya muziki, wakati amplifaya inafanya kazi, kuna volti za juu zenye nguvu ya kutosha kumuua mtu. Plagi ichomolewe, amplifaya itenganishwe, mtu asubiri, kisha kila paneli ipitishwe kwenye arthi kupitia kikinzani kabla mkono haujaingia ndani. Wapo wanaoondoa ule wavu wa chuma wa mbele ili sauti iwe wazi zaidi. Tofauti husikika, ni kweli, lakini katika nyumba yenye watoto, wajukuu au paka sitamshauri mtu yeyote afanye hivyo. Fundi asitumie mita ya kawaida kupima volti za paneli, kwa kuwa mita hiyo yenyewe itavuta chaji na kuonyesha namba ya chini kuliko ilivyo. Kinahitajika kipimio maalumu chenye ukinzani mkubwa sana.

Baada ya volti kurudi, tatizo la pili lilijitokeza waziwazi, nalo lilikuwa paneli ya katikati ya spika ya kushoto. Tulizima taa zote, tukafunga mapazia na kuongeza sauti polepole. Nyuma ya wavu, karibu na ukingo wa juu wa paneli, kilionekana kimwanga cha buluu kisichozidi punje ya mtama, kikiwaka kila mwimbaji alipopanda juu, na pamoja nacho ule mlio wa kukwaruza. Hapo ndipo cheche ilikuwa ikiruka kati ya utando na bamba, na kila inaporuka huacha doa lililoungua ambalo huwa njia rahisi ya cheche inayofuata. Paneli iliyofikia hali hiyo haitengenezeki kwa gundi wala kwa rangi. Ribiti zake hutobolewa, mabamba yakatenganishwa, utando mpya ukatandazwa na kupakwa dawa, kisha yote yakafungwa upya kwa vipimo vya sehemu ndogo za milimita. Mafundi wachache duniani wameifanya kazi hii kuwa taaluma yao: nchini Uingereza iko One Thing Audio ya Coventry, na nchini Ujerumani iko Quad Musikwiedergabe, ambayo inatengeneza hata spika nzima za muundo huu zikiwa mpya. Nilichagua kununua paneli za katikati zilizokwisha kujengwa upya, na nilinunua jozi, si moja, kwa sababu paneli mpya upande mmoja na nzee upande wa pili haziwezi kulingana kwa sauti. Usafirishaji na ushuru viliongeza gharama kwa kiasi cha kuumiza, na anayepanga bajeti asivisahau.

Mabadiliko yaliyofuata yalikuwa makubwa. Herufi za mwisho wa maneno zilirudi, na mwimbaji akasimama katikati ya spika mbili badala ya kuelemea kulia. Paneli za besi ni zile zile za mwanzo, kwani zilipimwa zikaonekana zinashika chaji vizuri. Huzeeka pia, ila haziteseki kama zile za katikati.

Sehemu inayofuata inawahusu zaidi wasomaji wa nyanda zetu za juu, na ninashangaa kwamba wauzaji hawaitaji. Mtengenezaji aliweka kikomo cha volti 33 za kilele kutoka kwenye amplifaya, kwa maana ikizidi hapo paneli ya katikati inaweza kupiga cheche. Kikomo hicho kiliwekwa Huntingdon, katika nchi tambarare iliyo karibu na usawa wa bahari. Arusha iko juu kwa takriban mita 1,400, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani. Hewa nyepesi huzuia cheche kwa nguvu ndogo kuliko hewa nzito; kwa hiyo kile ambacho paneli ingekivumilia Dar es Salaam au London, hapa inaweza isikivumilie. Kwa hesabu ya moja kwa moja, volti 33 zinashuka hadi takriban 28, na hiyo ndiyo namba ninayoitumia. Anayeishi Moshi, mji ulio chini ya mita elfu moja, ana nafasi kubwa kidogo, lakini naye asijiachie. Tuliweka katika kila spika sakiti ndogo ya ulinzi inayozikata volti zinazovuka kikomo kabla hazijafika kwenye paneli ya katikati. Sakiti za namna hii huuzwa na wale wanaojenga upya paneli, na katika mji wetu nasema bila kusita kwamba spika hizi zisitumike bila hiyo.

Kutokana na kikomo hicho, uchaguzi wa amplifaya unakuwa rahisi kuliko unavyoonekana. Amplifaya ya wati 100 katika omu 8 hufika volti 40 za kilele, yaani inao uwezo wa kuiunguza paneli kwa kosa moja la mtoto aliyegusa kitufe cha sauti. Ya wati 50 hufika volti 28 hivi, na hapo ndipo ninapoweka mpaka kwa Arusha. Quad wenyewe waliziunganisha spika hizi kwanza na amplifaya yao ya valvu, Quad II yenye wati 15, na kuanzia mwaka 1967 na Quad 303 ya transista, yenye wati 45, ambayo umeme wake wa ndani wa volti 67 umedhibitiwa hivi kwamba haiwezi kabisa kuvuka kile kikomo cha 33. Ninatumia 303, na ingawa wapenzi wa valvu watasema sauti yake ni kavu, kwangu utulivu wa moyo una thamani kubwa. Quad 405 iliyofuata mwaka 1975 ina nguvu zaidi na inahitaji kuwekewa kizuizi kabla ya kuunganishwa na ESL. Kuna jambo jingine la kuangalia: ukinzani wa spika hizi, ambao ni kama omu 15 na zaidi katika sauti za kati, hushuka hadi chini ya omu 2 karibu na kilohezi 18, kwa kuwa kapasita hupitisha umeme zaidi kadiri masafa yanavyopanda. Amplifaya dhaifu hupata joto au huanza kuyumba zenyewe kwa mzigo huo, na zile ndogo za kidijitali za bei nafuu zinazouzwa madukani sizipendekezi.

Vumbi ni adui asiyelala. Kitu chochote chenye chaji huvuta vumbi, na vumbi la Arusha wakati wa kiangazi, lile laini la udongo wa volkano ya Meru, hupenya hata dirisha lililofungwa. Paneli zimefunikwa mbele na nyuma kwa plastiki nyembamba sana ya kuzuia vumbi, na tundu dogo katika plastiki hiyo linatosha kuruhusu vumbi litue juu ya utando, likifyonza unyevu na kufungua njia ya chaji kuvuja. Tulizibadilisha plastiki zote, kazi ya kuvuta, kubandika na kupitisha hewa ya moto ili ikaze, na fundi wangu aliifanya kwa ustadi niliouheshimu. Msimu wa masika nao huleta unyevu, na hapo uvujaji huongezeka hata katika paneli nzuri. Mlio mdogo wa kufoka ukisikika asubuhi ya mvua, nazizima na kusubiri chumba kikauke. Kuhusu umeme wa ukutani, volti za paneli katika muundo huu hazidhibitiwi, zinapanda na kushuka pamoja na za soketi, hivyo jioni ambapo mtaa mzima unapika na kupiga pasi, sauti hupungua kidogo. Stabilaiza ya kawaida imelimaliza tatizo hilo, na inazikinga pia dhidi ya umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Radi zikianza, plagi zinatoka ukutani.

Mahali pa kuziweka ni nusu ya ubora wake. Sauti hutoka mbele na nyuma, na kwa pembeni karibu hakuna kitu. Ile ya nyuma ikiwa karibu na ukuta hurudi mapema na kuvuruga, kwa hiyo zangu zimesogezwa zaidi ya mita moja kutoka ukutani, na ukuta wa nyuma nimeuwekea rafu ya vitabu badala ya kuuacha mtupu. Sebule zetu zenye vigae na dari ya jipsamu zinahitaji zulia na mapazia mazito. Kwa kimo, mtengenezaji anataja upana wa nyuzi 15 tu kwa wima, maana yake ni kwamba anayesimama hupoteza sauti nyembamba mara moja. Seremala alinitengenezea vigoda vya mninga vinavyoziinua na kuzisimamisha wima, kiini cha paneli ya katikati kikalingana na sikio la aliyekaa kwenye kochi. Besi ilipungua uzito kidogo lakini ikaeleweka zaidi, na maikrofoni ya mwimbaji ikapanda kutoka magotini hadi kwenye kimo cha mtu. Haya ni maboresho ya bei ya ubao na msasa, na yanazidi waya zote za bei mbaya zinazotangazwa.

Ambacho spika hizi hazifanyi kinapaswa kusemwa wazi pia. Haziendi chini ya hezi 45 hivi, na hazipigi kwa nguvu ya kujaza ua. Singeli na Bongo Fleva iliyojengwa juu ya besi nzito hazina nafasi hapa, na sherehe ya kipaimara isitegemee spika hizi. Nafasi bora ya kusikilizia ni ya mtu mmoja, wawili wakibanana. Nimejaribu kuongeza sabufa, na matokeo yanaridhisha tu pale inapofanya kazi chini kabisa, chini ya hezi 50, na kwa sauti ndogo. Ikipandishwa, masikio hugundua mara moja kwamba sanduku limerudi chumbani. Wapo waliopanga jozi mbili, moja juu ya nyingine, ili kupata nguvu zaidi, na katika miaka ya 1970 Mark Levinson, mtengenezaji wa amplifaya wa Marekani, aliujenga mfumo wake mzima wa HQD juu ya wazo hilo. Kwa sebule ya kawaida naona ni kupita kiasi.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama ESL-63, iliyotoka mwaka 1981, si chaguo la busara zaidi. Ni spika yenye akili nyingi: mabamba yake yamegawanywa katika duara nane zinazocheleweshana, ili sauti ionekane kutoka katika nukta moja iliyo sentimita 30 nyuma ya spika, na ina ulinzi wake wa ndani unaotambua cheche na kuizima. Inavumilia amplifaya kubwa zaidi, ina besi bora, na wasikilizaji watatu wanaweza kukaa pamoja. Udhaifu wake ni gundi inayoshikilia mabamba, ambayo huachia baada ya miaka mingi, na joto huharakisha jambo hilo. Paneli iliyoachia hutetemeka na kuunguruma, na kila spika ina paneli nne. Kwa familia inayosikiliza pamoja ningependekeza 63. Kwa anayesikiliza peke yake usiku, na anayependa sauti ya mtu kuliko ukubwa wa okestra, nabaki na ile ya mwaka 1957.

Anayekwenda kuangalia jozi yoyote kati ya hizo aombe ziachwe zimechomekwa tangu jana yake, maana paneli iliyochoka huhitaji saa nyingi kujaza chaji na spika iliyowashwa dakika kumi zilizopita haielezi lolote. Asikilize mono, akilinganisha kushoto na kulia kwa kugeuza waya, kisha aombe taa zizimwe na achungulie nyuma ya wavu wakati sauti inapopanda. Ikiwa muuzaji hakubali hayo, ni afadhali kuiacha jozi hiyo hata kama mbao zake zinang'aa, kwa sababu bei ya paneli zote zilizojengwa upya, pamoja na usafiri hadi Kilimanjaro na ushuru wake, inaweza kuizidi bei ya spika zenyewe.